Kuendesha Gari Usiku Baada ya Miaka 50: Namna ya Kupima Macho, Kuandaa Gari na Kupanga Safari

Dereva aliyevuka miaka 50, ambaye mchana husoma vibao vya barabarani bila taabu, kwa kawaida huamini kwamba macho yake yanafaa kwa safari ya saa yoyote. Imani hiyo inapaswa kuchunguzwa, kwa sababu kuona mchana na kuona usiku ni kazi mbili tofauti, na uwezo wa kuona usiku huanza kupungua miaka mingi kabla ya ule wa mchana. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya dereva huyo, na pia kwa ajili ya watoto wake wanaokaa na wasiwasi kila anapochelewa njiani. Unazungumzia zaidi barabara za Tanzania, ingawa anayeendesha kati ya Mombasa na Nairobi atakuta humu mambo anayoyafahamu.

Kinachobadilika ndani ya jicho

Mboni, yaani ule uwazi mweusi unaopitisha mwanga, hutanuka gizani na kusinyaa juani. Kwa kijana hutanuka sana, lakini kadiri umri unavyosonga misuli inayoitanua hudhoofika, na mboni hubaki ndogo hata giza linapokuwa totoro. Wakati huohuo lenzi ya jicho, ambayo utotoni ni angavu, huanza kugeuka manjano na kuzuia sehemu ya mwanga. Wataalamu hukadiria kwamba, kwa sababu ya mabadiliko hayo mawili, retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ya mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja tu ya mwanga unaoifikia retina ya kijana wa miaka 20. Mchana upungufu huo hausumbui kwa kuwa mwanga wa jua ni mwingi kupita mahitaji ya jicho. Usiku mwanga ni haba tangu mwanzo, na theluthi ya kitu haba ni kidogo sana.

Jambo la pili ni kutawanyika kwa mwanga. Lenzi iliyoanza ukungu haiupitishi mwanga wa taa ukiwa umenyooka, bali huusambaza ndani ya jicho zima, na ndiyo maana mtu mzima anapokutana na lori lililowasha taa za fulu huona weupe mtupu mahali ambapo mwanawe aliyeketi pembeni anaona taa mbili tu. Jambo la tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo hatari kuliko yote na ndilo linalozungumzwa kidogo kuliko yote, ni muda ambao jicho hutumia kurudi katika hali yake baada ya kupigwa na mwanga mkali. Kwa kijana muda huo ni mfupi kiasi kwamba hautambuliki. Kwa mtu wa miaka 65 huongezeka, na gari halisimami kumsubiri. Mwendo wa kilomita 80 kwa saa ni sawa na mita 22 kila sekunde. Macho yakichukua sekunde 5 kurudi, gari limekwisha kupita mita 110 huku dereva akiongozwa na kumbukumbu ya barabara aliyoiona kabla ya kupigwa na taa.

Hayo humpata kila anayezeeka, hata asiye na ugonjwa wowote. Magonjwa huja juu yake. Mtoto wa jicho huongeza ukungu wa lenzi, na dalili zake za mapema mara nyingi hujitokeza usiku: duara za mwanga kuzunguka taa, mng'ao unaoumiza, na kubadilisha miwani mara kwa mara bila nafuu ya kudumu. Presha ya macho, ambayo wengi huiita glakoma, hula uwezo wa kuona pembeni polepole na bila maumivu, hadi siku ambayo dereva anashangaa mwendesha baiskeli ametokea wapi. Ugonjwa huu huwapata watu wenye asili ya Afrika kwa wingi zaidi na mapema zaidi kuliko watu wengine wengi, kwa hiyo asiwepo mwenye miaka 40 na kuendelea anayesubiri dalili ndipo apimwe, hasa ikiwa mzazi au ndugu yake wa tumbo moja anao. Kisukari nacho huharibu mishipa midogo ya retina, na hata tiba ya mionzi ya leza inayookoa macho ya mgonjwa wa kisukari inaweza kupunguza uwezo wake wa kuona gizani. Aliyepata tiba hiyo amuulize daktari wake waziwazi kama bado anafaa kuendesha usiku.

Kujipima nyumbani

Vipimo vya nyumbani havichukui nafasi ya daktari, lakini humwonyesha dereva kama anapaswa kwenda haraka. Cha kwanza ni kusoma namba ya gari lililoegeshwa mchana mweupe, akiwa umbali wa mita 20, ambao ni takriban hatua 25 za mtu mzima, huku amevaa miwani yake ikiwa huendesha akiwa nayo. Nchini Uingereza kipimo hicho ndicho anachopewa kila anayeomba leseni. Baada ya hapo afumbe jicho moja, kisha jingine, na kulinganisha. Wako watu wengi ambao jicho moja limekwisha kudhoofika na hawajui, kwa sababu jicho zima limekuwa likifanya kazi ya yote mawili.

Kipimo cha pili nakipendekeza kuliko vyote, na hakigharimu kitu. Siku moja usiku, dereva aketi kiti cha abiria cha mbele, na gari liendeshwe na mtu mwenye umri mdogo anayemwamini, katika barabara isiyo na taa. Wakubaliane kwamba kila mmoja atataja kwa sauti anachokiona mara tu anapokiona: mtembea kwa miguu, baiskeli, tuta, shimo, ng'ombe, bodaboda isiyo na taa ya nyuma. Ikiwa kijana anataja vitu hivyo mara kwa mara kabla ya mzee, tena kwa sekunde moja au mbili nzima, jibu limepatikana, na limepatikana bila mtu kuumia.

Zipo pia dalili za kila siku ambazo dereva hujifunza kuzizoea badala ya kuzihesabu. Miongoni mwake ni kuegemea usukani ili kuona mbele, kuchoka macho na kichwa baada ya safari fupi ya usiku, kushtukia matuta, kufuata taa za nyuma za gari jingine kwa kuwa njia yenyewe haionekani vizuri, na kuanza kukataa mialiko ya jioni bila kusema sababu. Mwenye mbili au tatu kati ya hizo asiendeshe usiku mpaka apimwe.

Unapokwenda kwa daktari wa macho

Ubao wa herufi unaotundikwa ukutani hupima herufi nyeusi sana juu ya weupe, katika chumba chenye mwanga wa kutosha. Mtu anaweza kuusoma hadi mstari unaohitajika, akapewa cheti, na bado asimwone mwanamke aliyevaa kanga nyeusi kando ya barabara saa mbili usiku. Kwa hiyo usiseme tu kwamba umekuja kupima macho. Mweleze daktari kwamba unaendesha usiku na kwamba taa za magari zinakusumbua, kisha uombe akuangalie lenzi, akupime presha ya macho, upana wa kuona pembeni, na retina baada ya kutanua mboni kwa dawa. Pale ambapo kuna vifaa, uombe pia kipimo cha kutofautisha rangi hafifu, yaani uwezo wa kuona kitu cha kijivu mbele ya kitu kingine cha kijivu, kwa sababu hicho ndicho kinachokaribia zaidi hali halisi ya barabarani. Hospitali kama CCBRT ya Dar es Salaam na KCMC ya Moshi, na kwa Kenya kitengo cha macho cha hospitali ya PCEA Kikuyu, zina uzoefu wa miaka mingi wa magonjwa haya. Ukitanuliwa mboni usiendeshe gari kurudi nyumbani. Dawa hiyo huchukua saa kadhaa kuisha, na kwa muda huo hata mwanga wa mchana hukera.

Ukiambiwa una mtoto wa jicho, usikate tamaa. Upasuaji wake huondoa lenzi yenye ukungu na kuweka ya bandia iliyo angavu, na wengi waliokuwa wameacha kuendesha usiku hurudi barabarani kwa usalama. Kwa kawaida hufanyiwa jicho moja kwanza na jingine baadaye. Katika kipindi cha katikati macho mawili hayalingani, kwa hiyo subiri ruhusa ya daktari kabla ya kushika usukani, na anza na safari za mchana.

Dawa pia zina sehemu yake. Matone ya pilokapini, yanayotumiwa na baadhi ya wenye presha ya macho, husinyaza mboni na kuifanya dunia iwe na giza zaidi usiku. Dawa za mafua na mzio kama piriton huleta usingizi. Matone yenye steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe, ambayo baadhi ya watu huyanunua dukani bila cheti kwa sababu huondoa wekundu haraka, yakitumiwa muda mrefu yanaweza yenyewe kusababisha presha ya macho na mtoto wa jicho. Na tafadhali, asali, maji ya majani na vitu vya namna hiyo visitiwe machoni kabisa. Karoti, mchicha, papai na maini ni chakula chema na humsaidia mtu aliyepungukiwa vitamini A, lakini hakuna chakula kinachosafisha lenzi iliyokwisha kupata ukungu.

Kuhusu miwani, ombi moja la busara ni lenzi zenye utando wa kuzuia mwakisiko, zikiwekwa katika fremu yenye mikono myembamba isiyoziba pembeni. Miwani ya manjano inayouzwa kwa jina la miwani ya usiku haina msaada unaodaiwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019 uliwapima madereva katika kifaa cha kuigiza uendeshaji, na haukuona kwamba waliovaa miwani hiyo walimwona mtembea kwa miguu mapema zaidi. Lenzi yoyote yenye rangi hupunguza mwanga, na mwanga ndio unaokosekana.

Namna ya kulisema jambo hili kwa mzee

Mzee aliyeendesha lori la masafa marefu kwa nusu ya maisha yake hapokei vyema kuambiwa na mtoto aliyemlea kwamba hafai tena kuendesha. Asiambiwe mbele ya wajukuu wala wageni, na asiambiwe usiku uleule aliponusurika kugonga. Mfuate asubuhi, baada ya chai, umwamkie kama desturi, na uanze na saa za safari badala ya funguo: “Baba, safari ya Ijumaa naomba tutoke alfajiri ili tufike mchana. Jioni taa za malori zinanisumbua hata mimi, na nisingependa uzipate peke yako.” Maneno hayo hayamvunjii heshima, na yana ukweli. Akikataa, mwombe rika lake, mdogo wake au shemeji anayemsikiliza alichukue jambo hilo. Mzee mwenzake aliyefanyiwa upasuaji wa macho na akapona ana nguvu kuliko watoto watano. Mama naye, ambaye mara nyingi ndiye anayekaa kiti cha pembeni na kuona kila kitu, aulizwe faraghani.

Kuandaa gari

Magari mengi tunayoendesha yamekwisha kutumika miaka mingi Japani kabla ya kufika bandarini, na vioo vya taa zake, ambavyo kwa kweli ni plastiki, hugeuka manjano na kupata ukungu kwa jua. Simama mbele ya gari lako mchana. Ikiwa huoni balbu waziwazi, sehemu kubwa ya mwanga inapotea humo. Fundi anaweza kuving'arisha kwa msasa laini na dawa ya kung'arishia, au ukabadilisha taa nzima. Balbu zibadilishwe mbili kwa pamoja. Usitie balbu za LED au zenoni katika taa iliyotengenezwa kwa balbu ya kawaida ya halojeni, kwa sababu mwanga wake hutawanyika, ukawapofusha wanaokuja bila kukuonyesha wewe mbali zaidi. Fundi apime pia mwelekeo wa taa za dimu, ambazo kwa nchi zinazoendesha upande wa kushoto hutakiwa kumulika mbali zaidi kwenye ukingo wa kushoto. Gari lililotengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia, kama Kongo, Rwanda na Burundi, hufanya kinyume chake linapoingia kwetu, likamulika upande wa magari yanayokuja. Ndiyo sababu moja ya baadhi ya malori kuumiza macho hata yakiwa yameshusha dimu.

Kioo cha mbele kisafishwe pia kwa ndani, kazi ambayo wengi huisahau. Utando wa vumbi na mvuke wa plastiki unaojikusanya humo hauonekani mchana, lakini taa zikiupiga hugeuka pazia jeupe. Waipa zilizokwisha makali ziondolewe, tinti ya vioo vya mbele itolewe, na mwanga wa dashibodi pamoja na wa simu inayoonyesha ramani upunguzwe kadiri iwezekanavyo.

Saa za safari na mwendo

Uamuzi mkubwa wa usalama hufanywa kabla ya injini kuwashwa. Katika nchi zilizo karibu na ikweta giza huingia haraka. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni kwa mwaka mzima, na katika muda wa chini ya nusu saa barabara imekwisha kuwa nyeusi. Panga kufika uendako ifikapo saa kumi na mbili. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Morogoro alasiri akumbuke pia kwamba anaelekea magharibi, jua likimpiga usoni kuanzia saa kumi na moja, hivyo macho huingia gizani yakiwa yamekwisha kuchoka. Miwani ya jua mchana husaidia kuyatunza macho kwa ajili ya jioni, mradi ivuliwe mara jua linapotua.

Ikibidi kuendesha usiku, usitoke chini ya taa kali za kituo cha mafuta na kuondoka kwa kasi. Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza kikamilifu, na ya mtu mzima zaidi ya hapo, kwa hiyo kilomita za kwanza ziendeshwe taratibu. Mwendo ulingane na umbali unaouona mbele yako. Kwa kilomita 50 kwa saa, gari dogo lenye breki na matairi mazuri huhitaji takriban mita 25 kusimama kwenye lami kavu. Kwa kilomita 80 huhitaji zaidi ya mita 50. Mtembea kwa miguu aliyevaa nguo nyeusi, kwa taa za dimu, mara nyingi haonekani mpaka awe umbali wa mita 30 au 40. Hesabu hiyo inaonyesha wazi kwamba dereva wa kilomita 80 aliyeshusha dimu atamwona mtu huyo baada ya nafasi ya kusimama kwisha. Mzee ambaye macho yake yanahitaji mwanga zaidi abaki kwenye kilomita 50 au 60, na awaache wenye haraka wampite.

Unapokutana na taa kali, shusha dimu mapema, punguza mwendo kabla hamjapishana, na uelekeze macho kwenye mstari mweupe wa kushoto au ukingo wa lami badala ya kuyatazama magari. Usilipe kisasi kwa kuwasha fulu. Kumpofusha anayekuja kuelekea kwako kunakudhuru wewe. Taa za anayekufuata zikikusumbua, geuza kile kitufe kidogo chini ya kioo cha ndani kinachokitia kiza. Mkishapishana usiongeze mwendo mara moja, maana hapo ndipo palipo na lori bovu lililoachwa njiani bila pembetatu ya kuakisi mwanga. Ukiona matawi ya miti yamelazwa barabarani, jua kwamba mbele kuna gari limeharibika, nawe upunguze papo hapo. Tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, magari makubwa yanayokutana nawe gizani yameongezeka, kwa hiyo ushauri huu una uzito zaidi leo kuliko miaka kumi iliyopita.

Sehemu ya barabara inayokatiza Hifadhi ya Mikumi inastahili uamuzi wa peke yake. Tembo na nyati huivuka usiku, na rangi zao humezwa na giza mpaka umewakaribia mno. Mwenye macho yanayodhoofika asiipite baada ya jua kuzama. Alale Morogoro au mji wa Mikumi kutegemea anakotoka, na aivuke asubuhi kulipopambazuka.

Giza likikukuta njiani hata baada ya mipango yote, au ukaona macho hayarudi haraka kila unapopishana na gari, usijilazimishe kumalizia kilomita zilizobaki. Washa taa za hatari, punguza mwendo hatua kwa hatua, na uendelee polepole hadi kituo cha mafuta, kituo cha polisi au nyumba ya wageni ya kwanza. Usiegeshe ukingoni mwa lami, kwa sababu anayekuja nyuma yako anaweza kuwa na macho kama yako. Ukishaingia ndani kabisa ya uwanja, zima taa, wapigie simu wa nyumbani uwaeleze mahali ulipo na kwamba utaondoka kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kisha utafute chumba.